Romario bungeni: Soka lilimpiga chenga, bao akalifunga kwingine

BRASILIA, BRAZIL

MASHABIKI waliokesha wakiangalia Kombe la Dunia 1994 hawahitaji kuelezwa Romario ni nani. Mfupi, mita 1.67 tu, mvivu wa kukimbizana na mabeki, lakini mpira ukimkuta ndani ya boksi kipa alikuwa anajua kinachofuata. Alifunga mabao matano kule Marekani, Brazil ikabeba kombe baada ya kulisubiri miaka 24, naye akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Msimu huohuo alikuwa ametoka kutupia mabao 30 kwenye La Liga akiwa na Barcelona ya Johan Cruyff.

Kinachojulikana kidogo huku kwetu ni kazi aliyoifanya baada ya kutundika daluga. Tangu Februari 2011 jamaa ni mtu wa bunge. Miaka minne alikaa kwenye Bunge la chini, halafu akapanda kuwa seneta wa Rio de Janeiro, na muhula wake wa sasa unakwenda hadi 2031. Ukihesabu hivyo, bungeni atakuwa amekaa muda mrefu karibu sawa na ule aliokaa uwanjani.

Na kama ilivyokuwa uwanjani, watu walimdharau kabla hajagusa mpira.

Uchaguzi wa 2010 ndio uliompeleka bungeni Tiririca, mchekeshaji wa televisheni aliyepata kura zaidi ya milioni 1.3 kule Sao Paulo. Romario naye alipopita Rio kwa kura zaidi ya 146,000, wengi wakamweka kapu hilohilo: watu maarufu wanaokwenda kula posho. Wasifu wake haukumsaidia. Huyu ni mtu aliyependa starehe za usiku waziwazi, aliyegombana na makocha, na aliyecheza hadi akiwa na miaka 41 ili afikishe bao la 1,000 kwa hesabu zake mwenyewe. Alilipata kwa penalti akiwa na Vasco da Gama, Mei 2007, ingawa hesabu zenyewe zilijumuisha hadi mechi za kirafiki na za vijana.

Lakini alikuwa na jambo lake. Mwaka 2005 alizaliwa binti yake mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili. Romario amesema mara nyingi kwamba mtoto huyo ndiye aliyemwingiza kwenye siasa. Yeye alikuwa na pesa za kumlipia mtoto wataalamu. Mzazi wa Jacarezinho, mtaa wa mabanda alikozaliwa Romario, hana. Hoja hiyo aliingia nayo bungeni mkononi, na watu wakashangaa kumuona straika mtukutu amekaa kwenye vikao vya watu wenye ulemavu, anasikiliza, anauliza maswali.

BIA YA FIFA

Mechi yake ya kwanza kubwa bungeni, hata hivyo, ilikuwa ya soka.

Brazil ilikuwa inaandaa Kombe la Dunia 2014, na FIFA ikataka nchi itunge sheria maalumu ya mashindano. Ndani yake kulikuwa na mambo mengi, ila lililopigiwa kelele zaidi ni bia. Brazil ilikuwa imeondoa pombe viwanjani kwa sababu ya vurugu za mashabiki, wakati FIFA ina mdhamini anayeuza bia. Januari 2012 Katibu Mkuu wa FIFA wakati huo, Jerome Valcke, alitua Rio na kusema pombe ni sehemu ya Kombe la Dunia na jambo hilo halina mjadala. Yaani bunge la nchi huru linaambiwa na mgeni hoja ipi ijadiliwe na ipi isijadiliwe.

Romario akacharuka. Ikumbukwe kuwa 2007, siku Brazil inapewa uenyeji, yeye alikuwepo Zurich kwenye msafara wa Rais Lula, kwa hiyo hakuwa adui wa mashindano. Alichokuwa akikisema bungeni na kwenye magazeti ni kwamba nchi iliahidiwa viwanja vya pesa za watu binafsi, na sasa bili inaletwa kwa mlipakodi. FIFA, kwa maneno yake, ilikuwa imeanzisha dola ndani ya dola.

Ushahidi haukuwa mbali. Ukitoka bungeni Brasilia, mwendo wa kilomita chache kwenye barabara kuu ileile unakutana na uwanja wa Mane Garrincha. Ulijengwa upya kwa ajili ya mashindano yale, unaingiza watu zaidi ya 70,000, na ni miongoni mwa viwanja vilivyokula pesa nyingi zaidi. Mji wenyewe hauna timu ya Ligi Kuu. Manaus, katikati ya msitu wa Amazon, nako kukajengwa uwanja kwa ajili ya mechi nne za Kombe la Dunia, na timu za kule zilikuwa madaraja ya chini. Romario alikuwa akiuliza kwa nini pesa ipo ya zege la viwanja, lakini ya hospitali na ya njia za kupitisha viti vya magurudumu kwenye maeneo ya umma haipo. Kwa wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambao AFCON ya 2027 inakuja nyumbani, hilo si swali la Wabrazil peke yao.

Alishindwa. Sheria ikapita, Juni 2012 ikasainiwa, bia ikauzwa. Kitu kimoja kilichobaki ndani ya sheria ile, na ambacho watu wa ulemavu walikipigania, ni asilimia 1 ya tiketi kutengwa kwa ajili yao. Ni kidogo.

Mwaka uliofuata, wakati wa Kombe la Mabara, mamilioni ya Wabrazil waliingia mtaani. Walianza na nauli ya basi, wakafika kwenye viwanja. Pele aliwaomba waachane na maandamano waishangilie timu. Romario akasimama na waandamanaji. Hawa wawili hawakuwahi kuivana. Ni Romario huyohuyo ambaye miaka ya nyuma alisema Pele akiwa kimya ni mshairi.

MWENYEKITI ALIYEPIGWA BAO

Halafu ikaja 7-1. Julai 8, 2014, Belo Horizonte, Ujerumani ikaifanya Brazil vile ilivyoifanya. Wakati wengine wanajadili kwa nini David Luiz alikuwa anapanda hovyo, Romario aliandika kuwa vigogo wa Shirikisho la Soka la Brazil, CBF, akiwamo rais wake Jose Maria Marin, walistahili kuwa jela. Miezi mitatu baadaye wananchi wa Rio wakampa kura zaidi ya milioni 4.6 za useneta, zaidi ya asilimia 60 ya kura zote.

Marin huyo hakuwa mgeni kwa vituko. Mwaka 2012 kamera za televisheni zilimnasa akitia mfukoni medali kwenye fainali ya vijana Sao Paulo, kipa mmoja wa mabingwa akakosa ya kuvaa. Ikaelezwa baadaye kwamba ilikuwa zawadi yake.

Mei 27, 2015, polisi wa Uswisi wakagonga milango ya hoteli Zurich alfajiri na kuondoka na vigogo saba wa soka. Marin alikuwa mmoja wao. Bosi mpya wa CBF, Marco Polo Del Nero, naye alikuwa mjini humo, akapanda ndege kurudi Brazil kabla hata FIFA haijapiga kura ya urais.

Romario hakulala. Ili kamati ya uchunguzi iundwe kwenye Seneti yenye watu 81, zinatakiwa sahihi 27. Alizikusanya, zikazidi. Julai kamati ikaanza kazi na yeye akiwa mwenyekiti. Kwa mara ya kwanza mchezaji aliyelipiwa posho na CBF ndiye aliyekuwa anaiuliza CBF pesa zimekwenda wapi.

Hapo ndipo alipojifunza kuwa siasa ina mabeki wagumu kuliko Serie A ya Italia. Kwenye kamati za Brazil mwenyekiti anaendesha vikao, lakini kalamu ya ripoti anaishika mtu mwingine, na safari hii ilikuwa kwa Romero Jucá, mwanasiasa mzoefu kuliko maelezo. Isitoshe bungeni kuna kundi linaloitwa benchi la mpira, wabunge na maseneta wenye uswahiba na CBF na vyama vya soka vya majimbo. Vikao vikakwama, mahakama ikaingiliwa, mashahidi wakasusuana. Mwaka mmoja na nusu ukapita. Desemba 2016 ripoti ya Jucá ikapitishwa bila kupendekeza mtu yeyote ashtakiwe. Hata mmoja.

Romario, pamoja na Seneta Randolfe Rodrigues, wakaandika ripoti yao ya pembeni iliyotaka Marin, Del Nero na rais wa zamani wa CBF, Ricardo Teixeira, wafikishwe mbele ya sheria, wakaipeleka kwa waendesha mashtaka. Kwenye ubao wa matokeo lakini, Romario kafungwa.

Kilichofuata kilitoka nje. Mahakama ya New York ilimtia hatiani Marin Desemba 2017, akahukumiwa miaka minne. FIFA ikamfungia Del Nero maisha Aprili 2018, na Teixeira Novemba 2019. Majina yaleyale matatu.

BAO LENYEWE

Sasa rudi Juni 2015, wiki chache kabla kamati ile haijaanza, wakati kila kamera iko kwenye sakata la FIFA.

Juni 10 Seneti ilipiga kura kuhusu muswada wa haki za watu wenye ulemavu. Ulikuwa umezunguka bungeni zaidi ya miaka 10, mwanzilishi wake akiwa Seneta Paulo Paim. Kwenye Bunge la chini ulishikwa na Mara Gabrilli, mbunge aliyepooza kuanzia shingoni kwenda chini baada ya ajali ya gari. Ulipofika Seneti, aliyepewa kazi ya kuuchambua, kuandika ripoti yake na kuutetea mbele ya wenzake ni Romario. Hapa hakukuwa na kelele wala mtu wa kutukanana naye. Ukapita. Julai 6 Rais Dilma Rousseff akausaini, ukawa sheria namba 13,146.

Ukitaka kujua uzito wake angalia shule. Kabla ya sheria ile, shule binafsi ilikuwa inaweza kumwambia mzazi wa mtoto mwenye ulemavu alipe ada ya nyongeza, au itafute sababu ya kumkataa. Sheria ikasema hapana: mtoto apokelewe, na gharama ya kumhudumia isiongezwe kwenye ada yake. Kumbagua mtu kwa ulemavu wake kukawa kosa la jinai lenye kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Hoteli zikatakiwa kuwa na vyumba vya watu hao, kampuni za teksi zikatakiwa kuwa na magari yao.

Wenye shule wakakimbilia Mahakama Kuu ya nchi wakidai watafilisika. Juni 2016 majaji wakawakatalia kwa wingi mkubwa.

Hili ndilo bao ambalo magazeti ya michezo hayakuliandika ukurasa wa mbele, na ukweli ni kwamba ni la aina ileile aliyokuwa akiifunga zamani. Wengine walishapanda na mpira kutoka nyuma, wakapiga chenga, wakachoka. Yeye alikuwa amesimama mahali sahihi.

Tofauti na uwanjani, kwenye siasa Romario amekosa nafasi nyingi za wazi. Amehama vyama: alianza na wasoshalisti wa PSB, akaenda Podemos, sasa yuko PL, chama cha Jair Bolsonaro. Mwaka 2016 alipiga kura ya kumng'oa Dilma, rais yuleyule aliyesaini sheria yake, na kuna waliomshangilia kwa wazazi wenye watoto walemavu ambao hawakumsamehe. Mwaka 2018 aligombea ugavana wa Rio akaanguka.

Lakini kila hoja ya ulemavu inapopita karibu naye, mguu unatokea. Juni 2022 mahakama moja ya juu iliamua kwamba kampuni za bima ya afya hazilazimiki kulipia tiba ambayo haimo kwenye orodha rasmi ya serikali. Kwa mzazi wa mtoto mwenye usonji anayehitaji mtaalamu kila wiki, maana yake ni kulipa mwenyewe au mtoto akae nyumbani. Muswada wa kuibadili hali hiyo ukaletwa haraka, na kwenye Seneti ukapewa Romario. Agosti 29 ukapita, Septemba 21 ukawa sheria.

Siku 11 baadaye Rio ilipiga kura. Mzee wa boksi alirudi na kura karibu milioni 2.4, nusu ya zile za 2014, zilizotosha. Mwaka 2024 Seneti ilipounda kamati ya kuchunguza upangaji wa matokeo na kampuni za kubeti, kazi ya kuandika ripoti ikaenda kwake. Safari hii kalamu alikuwa ameishika mwenyewe.