Kitabu cha Zimwi katika Nyumba ya Mgonjwa

Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia baada ya sala ya alasiri, kitabu mkononi, akitaka tukikataze. Kilikuwa cha mtoto wa dadake, binti wa miaka 14, ambaye mamake anaugua saratani. "Shekhe," alisema, "humu mna zimwi na makaburi. Mtoto mwenye mgonjwa ndani asome mambo haya?" Tulimwomba atuachie kwa siku mbili.

Kitabu chenyewe ni A Monster Calls, kilichotolewa Uingereza mwaka 2011. Wazo lake lilikuwa la Siobhan Dowd, mwandishi wa vitabu vya vijana, aliyelipata naye mwenyewe akiwa mgonjwa wa saratani ya matiti. Wahusika alikuwa nao, na mwanzo wa hadithi alikuwa nao. Umri ndio uliokatika. Alifariki mwaka 2007, akiwa na miaka 47. Kazi hiyo akakabidhiwa Patrick Ness, ambaye hawakuwahi kuonana naye, naye akaikamilisha kwa njia yake. Michoro ni ya Jim Kay. Mwaka 2012 kilitunukiwa nishani mbili kubwa za Uingereza, Carnegie kwa uandishi na Kate Greenaway kwa michoro.

Conor ni mvulana wa miaka 13. Babake amehamia Marekani na ana mke mwingine. Mamake yu taabani. Saa sita na dakika saba za usiku, mti mkongwe wa makaburini, ule ambao Waingereza huuita yew, huinuka ukawa zimwi na kumjia dirishani. Humwambia kwamba litamsimulia visa vitatu, na cha nne atakisimulia yeye, nacho kiwe ukweli anaouficha. Mti huo haukuteuliwa ovyo: katika jamii yake ndimo zilimopatikana baadhi ya dawa za saratani, na dawa ya mwisho anayopewa mamake Conor yatoka humo.

Kisa cha pili kilitusumbua. Ni cha kasisi aliyewahubiria watu dhidi ya mganga wa mitishamba, kisha binti zake walipougua akamwendea huyo huyo mganga, tayari kuyakana yote aliyoyaamini. Sisi tusimamao juu ya mimbari hatuwezi kusoma kurasa hizo tukabaki tumestarehe.

Lakini kiini cha kitabu ni kisa cha nne. Conor ampenda mamake kuliko kitu chochote, na bado kuna nafsi ndani yake iliyotaka mambo yaishe, kwa kuwa kungoja kumemshinda. Jambo hilo amelificha hata kwa nafsi yake, akiamini kwamba kwa kulitamani tu ndiye amuuaye mamake. Anatafuta adhabu shuleni na nyumbani, wala hakuna amwadhibuye, kwani wakubwa wote wanamhurumia na hakuna amwambiaye kweli. Zimwi halimsamehi kwa maneno matamu. Lamlazimisha aseme, kisha lamfahamisha kwamba moyo wa mwanadamu hubeba matakwa mawili yanayopingana kwa wakati mmoja. Ndipo anapoipata nafasi aliyokaribia kuikosa: kukaa kitandani na mamake na kumwambia kwamba hataki aondoke.

Kasoro ziko. Hakuna dua katika nyumba ile, na mtoto wetu atalihisi pengo hilo. Mzazi na alizibe mwenyewe. Ila sisi watu wa pwani tuna desturi ya kumpeleka mtoto kwa jamaa mgonjwa anapozidiwa, na kumrudisha jeneza lishatoka. Twamwambia mama kasafiri. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim mbele za watu. Sijui sisi uzito huu tuliutoa wapi.

Tulimrudishia yule mama kitabu, tukamnasihi akisome pamoja na binti, kwa sauti, na mgonjwa mwenyewe akiweza na asikilize.

Jambo moja hatukumwambia. Miaka mingi iliyopita, jioni ya siku tuliyomzika mamake, mvulana mmoja wa chuoni kwetu alitufuata kwenye ngazi za msikiti akasema, "Shekhe, mimi niliomba yaishe." Tulimwambia astaghfiri na anyamaze. Alinyamaza, na tangu siku hiyo hakutuuliza tena jambo lolote.

Sasa ni mvuvi, naye ni baba wa watoto. Juma lililopita tulimwendea ufuoni, tukamkuta akishona nyavu. Tulimwuliza kama aikumbuka jioni ile. Akajibu bila kuinua macho kwamba aikumbuka, na neno tulilomjibu alikumbuka pia. Tulimwomba atusamehe, kisha tukamwomba atusimulie yale ambayo siku ile hatukuyasikiliza. Aliweka sindano chini, akatusogezea ubao wa kukalia.