KABLA HUJAICHOMA BAHASHA HIYO

Katika nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo lipo sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mna stakabadhi za kahawa, kadi za kliniki, cheti cha ubatizo na barua za zamani. Mwenye sanduku akifariki, watoto hugawana mashamba na mbuzi. Barua huwashiwa moto, au huachiwa mchwa.

Mwezi huu tunataka kuzungumza nawe juu ya kitu kidogo kilichobandikwa juu ya barua hizo. Kitu hicho ni stempu. Wako watu duniani ambao kazi yao ya mapumziko ni kukusanya stempu. Wengine hukusanya za nchi moja tu, na moja ya nchi zinazopendwa sana na wakusanyaji ni Japani. Huenda unauliza, stempu za Japani zinanihusu nini mimi mkulima wa Rulenge au Nyakahura? Subiri kidogo.

STEMPU NI NINI?

Stempu ni stakabadhi. Inaonyesha kwamba mtu aliyeandika barua amekwisha kulipa gharama ya kuipeleka. Zamani haikuwa hivyo. Katika nchi nyingi mara nyingi alilipa yule aliyepokea barua, na kama hakuwa na fedha barua ilirudi. Stempu ya kwanza duniani ya kubandika ilitolewa Uingereza mwezi wa Mei, 1840. Ilikuwa nyeusi, ina kichwa cha Malkia Victoria, na bei yake ilikuwa peni moja. Haikuandikwa jina la nchi. Mpaka leo stempu za Uingereza haziandikwi jina la nchi. Kichwa cha mfalme au malkia kinatosha.

Japani ilianza mwaka 1871. Mtu mmoja aitwaye Maejima Hisoka alikwenda Uingereza mwaka 1870, akajifunza jinsi posta inavyofanya kazi. Hata kabla hajarudi nyumbani, mpango aliouacha ulikuwa umekwisha kuanza. Stempu zile za kwanza zilikuwa nne. Zilikuwa na picha ya majoka mawili, hazikuwa na gundi nyuma, wala hazikuwa na meno pembeni. Karani wa posta alizikata kwa mkasi. Leo picha ya Maejima imo katika stempu ya yeni 1, ambayo ndiyo ndogo kuliko zote kwa bei.

JINSI YA KUITAMBUA STEMPU YA JAPANI

Hapa ndipo mtu aliyejifunza kusoma juzi anapoweza kumshinda mwenye digrii. Maandishi ya Kijapani yatawashinda nyote wawili. Lakini alama unaweza kuzishika.

Stempu zilizotolewa tangu mwaka 1966 zina neno NIPPON kwa herufi zetu hizi. Nippon ndilo jina la Japani katika lugha ya wenyewe. Stempu za kabla ya hapo hazina neno hilo, ila nyingi zilizotolewa kabla ya mwaka 1947 zina ua la mviringo lenye majani 16 yaliyojipanga kama miale ya jua. Hilo ni ua la nembo ya mfalme wao. Ukiliona ua hilo, weka stempu pembeni, usiifanyie haraka. Kisha tazama namba. Namba ndiyo bei, na siku hizi huandikwa peke yake, bila neno yeni.

Wajapani wana desturi ya kuandikiana kadi za mwaka mpya, na posta yao huzitunza ili zifike zote tarehe 1 Januari asubuhi. Kwa mwaka mpya wa 2004 zilichapishwa kadi zaidi ya bilioni 4. Sasa zimepungua sana kwa sababu ya simu, kama barua zilivyopungua kwetu. Kila mwaka stempu za kadi hizo hupewa picha ya mnyama wa mwaka. Wanyama hao ni 12: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, kondoo, nyani, jogoo, mbwa na nguruwe. Mtoto wa shule akipata wote 12 amemaliza seti nzima, na hakuna aliyemfundisha kuhesabu.

WALIOPATA HASARA

Sasa tuseme ukweli juu ya fedha, maana najua swali hilo limekwisha kukujia.

Mwaka 1948 Japani ilitoa stempu ya mwanamke aliyevaa kimono akigeuka kutazama nyuma. Bei yake posta ilikuwa yeni 5. Mwaka 1949 ikatoka nyingine, bata bukini wakiruka mbele ya mwezi, kwa yeni 8. Katika miaka ya 1960 na baadaye, watu wengi Japani waliingiwa na homa ya stempu. Wazee kwa watoto walipanga foleni posta. Bei za hizo mbili zikapanda mno. Watu wakanunua karatasi nzima nzima za stempu mpya wakaziweka kabatini, wakisema watoto wetu watasomea hizi.

Lakini kila mtu alikuwa ameweka. Kitu ambacho kila mtu anacho, nani atakinunua? Bei zikashuka. Hadi leo nyumba nyingi za Japani zina madaftari ya stempu ambazo mnunuzi hatatoa hata ile bei iliyoandikwa juu yake. Mkulima wa kahawa haelezwi zaidi ya hapo. Anajua bei inavyokuwa mavuno yakijaa kila mahali.

Kwa hiyo mtu akikuambia stempu moja itakununulia pikipiki, mwambie akuonyeshe pikipiki yake. Na akikuomba utume fedha kwanza ili akutafutie mnunuzi wa Ulaya, huyo ni tapeli. Stempu nyingi sana zilizotumika huuzwa kwa kilo, kama maharage. Chache ndizo zenye bei, na mara nyingi bei haiko katika picha. Iko katika mhuri na katika bahasha yenyewe. Hapo ndipo sanduku la babu linapoingia.

SANDUKU LA BABU LIMEBEBA NINI

Wilaya zetu hizi mbili zimepitiwa na tawala nyingi kwa muda mfupi, na kila utawala ulikuja na stempu zake.

Wajerumani walitoa stempu kwa ajili ya koloni lao la hapa tangu mwaka 1893. Zilikuwa stempu za kwao zilizogongwa bei kwa pesa, maana sarafu ya hapa ilikuwa pesa na rupia. Baadaye zikaja za picha ya meli ya mfalme wao. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Biharamulo. Wabelgiji walichukua stempu za Kongo wakazigonga maneno kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiflemi, kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyokaliwa na Ubelgiji. Fikiri hapo: stempu ya Kongo, nchi ya Mjerumani, askari wa Mbelgiji, na barua labda ya padri.

Baada ya vita Waingereza walikabidhiwa Tanganyika. Bugufi, ambayo zamani ilikuwa chini ya mfalme wa Burundi, ikabaki upande huu. Mwaka 1922 zikatoka stempu za kichwa cha twiga zenye jina TANGANYIKA. Mimi kwa macho yangu sijaona stempu ya zamani ya nchi hii inayoishinda ile ya twiga kwa uzuri.

Kisha, tangu mwaka 1935, Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu moja. Majina yote matatu yaliandikwa juu ya stempu moja. Hili ni jambo kubwa kwa watu wa Ngara na Biharamulo, nami naomba tukae hapa kidogo.

Vijana wengi wa wilaya hizi walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu. Wengine walikwenda Tanga kukata mkonge. Walituma barua nyumbani, wengine wakiandikiwa na rafiki kwa kuwa hawakujua kusoma. Sasa tuseme umepata bahasha ya namna hiyo. Stempu haitakuambia barua ilitoka wapi, maana iliyouzwa Kampala na iliyouzwa Tanga ni ileile. Anayejua ni mhuri. Mhuri una jina la mji na tarehe. Ukiikata stempu ukatupa bahasha, umetupa jina la mji, tarehe, na jina la babu yako lililoandikwa mbele. Umebaki na kipande cha karatasi ambacho wako nacho maelfu.

Kwa hiyo bahasha ya zamani usiikate. Itunze nzima, na barua yake ndani. Hata asipokuja mnunuzi wa kuiuliza, familia yako itajua babu alikuwa wapi mwaka ule. Na kama mtu akija na gari akasema ananunua barua zote za sandukuni kwa bei ya soda mbili, mpe soda na umwage kwa heri.

Zipo pia karatasi zisizo na stempu kabisa. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Ndugu walipotezana. Msalaba Mwekundu ulipeleka ujumbe wa watu waliokuwa wakitafutana, katika fomu za wazi zisizobandikwa stempu. Aliye na fomu hiyo asione aibu kwamba haina picha.

JAPANI NA NGARA

Sasa turudi Japani. Oktoba 1964 michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo. Posta ya Afrika Mashariki ilitoa stempu za kuadhimisha michezo hiyo. Juu yake yaliandikwa majina Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania halimo, kwa sababu lilitangazwa mwishoni mwa mwezi huohuo. Ukiipata stempu hiyo katika bahasha ya mjomba, una kumbukumbu ya miezi kama sita ambayo nchi yetu ilikuwa imekwisha kuungana lakini haijapata jina lake la sasa.

Wajapani wa kujitolea wamekuwa wakija Tanzania tangu miaka ya 1960, wengi wao wakiwa walimu na mafundi. Na wewe unayekwenda Rwanda sokoni, daraja jipya la Rusumo unalolivuka lilijengwa kwa msaada wa Japani. Daraja hilo na kituo chake cha pamoja cha forodha vilizinduliwa na marais wa Tanzania na Rwanda Aprili 2016. Kwa hiyo mtu mwenye barua ya Japani si lazima awe mjini. Anaweza kuwa mwalimu wa sayansi wa zamani, au mlinzi aliyeandikiwa na fundi aliyerudi kwao.

KAMA UNATAKA KUANZA

Anza na stempu za bahasha za kawaida za siku hizi. Kata karatasi kuzunguka stempu, ukiacha upana wa kidole. Usiibandue kwa kucha. Iweke katika bakuli la maji baridi kama dakika 20, itajitenga yenyewe. Bahasha za rangi ziloweke peke yake, maana rangi huchuja ikaharibu nyingine. Stempu za kubandua kama za dukani hazitoki kwa urahisi. Hizo ziache na karatasi yake. Ianike kivulini juu ya karatasi safi, uso chini. Ikikauka iweke ndani ya kitabu kizito usiku mmoja.

Daftari la shule linatosha kuwa albamu. Kunja vipande vya karatasi nyeupe kutengeneza mifuko midogo, uibandike hiyo mifuko daftarini. Stempu yenyewe usiipake gundi, wala uji wa wanga, wala usiibandike kwa selotepu. Mende hupenda gundi, na masika yetu yana unyevu, kwa hiyo daftari likae mahali pa juu, pakavu, mbali na moshi wa jiko. Meno ya pembeni yakikatika, thamani imekwisha. Mwambie mtoto ashike taratibu na kwa mikono mikavu.

Ukipata rafiki wa kalamu Japani, mnaweza kubadilishana. Wao wana milima na maua, sisi tuna tembo na twiga, na wakusanyaji wa kwao huzipenda hizo kuliko zile stempu zetu za wanamuziki wa Marekani, ambazo zilichapishwa kwa wingi kuwauzia wageni na hapa kijijini hatukuziona. Tuma stempu chache katika kila barua, usitume zote mara moja. Na unapokwenda posta Ngara au Biharamulo kutuma, mwombe karani kwa adabu agonge mhuri polepole, jina la mji na tarehe visomeke.