Kijana wa Manowari na Watu wa Nyumbani Kwao



Watu wa pwani yetu hawakuanza leo kuagana na vijana wao ufukoni. Katika zama za majahazi, mama alimuaga mwanawe akaondoka na kusi kwenda Arabuni, wala hakuzitaraji khabari zake mpaka kaskazi ivume. Kazi ya watu wa nyumbani ilikuwa kusubiri na kuomba dua. Siku hizi iko safari nyingine ya ubaharia, ambayo kijana huimaliza karibu yote akiwa nchi kavu, na pamoja na hayo huenda ikamlemea kuliko mawimbi. Nayo ni safari ya masomo ya mafundi wa vinu vya nyuklia katika jeshi la majini la Marekani.

Pengine msomaji atauliza: haya yatuhusu nini sisi? Jawabu ni kwamba wako jamaa zetu waliohamia Marekani kutoka Mombasa, Lamu, Unguja na visiwa vya Wabajuni, na watoto wao wamezaliwa huko na ni raia wa huko. Kazi hii haipewi ila raia wa nchi hiyo. Baba na mama wako kule, bibi na babu, shangazi na wajomba wako huku, na wote humpigia simu kijana mmoja. Ama suala la kuwa yafaa au haifai Mwislamu kuingia katika jeshi kama lile, hilo ni la wanavyuoni, wala makala haya hayakukusudia kulitolea fatwa. Sisi twauliza neno moja tu: kijana akishakuwamo masomoni, watu wake wamsaidie vipi?

Kwanza yapasa kuijua kazi yenyewe. Tarehe 17 Januari 1955 nyambizi iitwayo Nautilus ilitoka bandarini kwa mara ya kwanza ikiendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Aliyeisimamia kazi ile alikuwa Hyman Rickover, mtu mkali asiyevumilia uzembe, na ukali wake ndio uliobaki kuwa ada ya shule za mafundi hao. Leo nyambizi zote za Marekani, na manowari zake zote kubwa zichukuazo ndege, huendeshwa kwa vinu vya namna hiyo. Fundi akikosea hapo, khatari si yake peke yake bali ni ya watu wote waliomo chomboni. Ndiyo maana masomo yamekuwa magumu.

Safari yenyewe ina vituo vinne. Kituo cha kwanza ni Great Lakes, katika jimbo la Illinois, kando ya ziwa Michigan. Huko kila anayeanza ubaharia wa jeshi hilo hufundishwa adabu za kijeshi, kwa muda ambao katika miaka ya karibuni umekuwa kati ya wiki 8 na 10. Cha pili ni Goose Creek, karibu na mji wa Charleston, jimbo la South Carolina. Hapo wanafunzi hugawanywa kuwa mafundi wa mitambo, wa umeme na wa elektroniki. Wa mitambo husoma kiasi cha miezi 3, na wengine kiasi cha miezi 6. Kisha, hapo hapo, huingia shule ya nguvu za nyuklia kwa miezi 6: hisabati, fizikia, kemia, mwendo wa joto, na namna ya kujikinga na mionzi. Cha mwisho ni miezi mingine 6 ya kuendesha kinu cha kweli, ama Charleston ama Ballston Spa katika jimbo la New York. Huko zamu huwa za saa 12, mara za mchana mara za usiku, na mwanafunzi hutahiniwa kwa mdomo, akisimama mbele ya wakubwa wake na kujibu.

Sasa angalieni jambo moja ambalo wazee wengi hawalijui. Mengi ya masomo haya ni siri ya serikali. Vitabu na madaftari ya shule ile hayatoki nje ya jengo. Mwanafunzi hujisomea mle mle kwa saa alizopangiwa, juu ya saa za darasani, na anayelegea katika mitihani huongezewa. Akitoka jioni, hutoka mikono mitupu. Hata baba yake akiwa mwalimu wa hisabati, hawezi kumsaidia hesabu moja. Hawezi hata kuuliza, na haifai kuuliza, kinu kinafanyaje kazi. Basi mlango wa kumsaidia mwana katika somo lenyewe umefungwa. Uliobaki wazi ni mlango wa kumsaidia mwana mwenyewe.

Twakumbuka kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake. Mama yake alipomweka majini, hakuweza kumfuata. Alimtuma dada yake, naye akamfuatia kwa mbali, macho yakiwa juu yake, bila ya kupiga kelele wala kujitokeza kabla ya wakati. Wakati wa kufaa ulipofika, alisema neno moja la manufaa, na mtoto akarudi kifuani kwa mama yake. Huo ndio mwendo tunaoutaka katika nyumba zetu: kumfuatia kwa mbali, na kuwa tayari neno la kufaa litakapohitajiwa.

Katika kituo cha kwanza, kijana hakai na simu yake. Kinachomfikia ni barua. Mwandikieni barua za karatasi, fupi na za mara kwa mara. Msimwandikie ugomvi wa mirathi wala deni la duka. Mwandikieni kwamba mwembe umezaa, kwamba mdogo wake amekhitimu juzuu ya Amma, kwamba bibi anamtaja katika dua zake kila baada ya sala. Barua kama hiyo husomwa mara nyingi.

Akifika Goose Creek simu huwa anayo, na hapo huzuka tatizo jingine. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa 7 au 8, kwa kufuata majira ya mwaka. Shangazi amalizapo sala ya Isha na kupiga simu saa 3 usiku, kule ni saa 7 au saa 8 mchana, na kijana yuko darasani. Simu isipojibiwa, huambiwa ana kiburi, amesahau kwao. Wallahi hilo ni dhulma. Mpelekeeni ujumbe mfupi wa sauti usiodai jibu, na mazungumzo marefu yawekeni siku yake ya mapumziko.

Liko na jambo la fedha. Mshahara wa mwanafunzi si khazina. Wako jamaa ambao, mara wasikiapo kijana ameandikwa jeshini, humletea orodha: karo ya huyu, mabati ya yule, mahari ya mwingine. Kuwasaidia jamaa ni jambo jema kwetu, lakini mtu hachumi embe changa. Mwacheni apevuke katika kazi yake.

Na lililo kubwa kuliko yote ni khofu ya kufeli. Mitihani ile hukadiriwa kwa alama 4, na asiyefika 2.5 hakufaulu. Vijana wanaochaguliwa kwenda huko ni wale waliozoea kuwa wa kwanza katika shule zao, na wengi hawajapata kushindwa hata siku moja. Akiandikiwa alama mbaya mara ya kwanza, huona dunia imemwangukia. Hapo ndipo hukumbuka kwamba baba amekwisha watangazia watu msikitini, na mama amekwisha sema arusini. Sifa ile iliyokuwa furaha hugeuka kuwa mzigo. Atanyamaza, atasema kila kitu ni kheri, na hatamwendea hata mwalimu wake kutaka msaada.

Sisi tulio walimu wa madrasa twayaona haya kila mwaka. Mtoto anayepigiwa kelele kwao kwa kukosea aya hujifunza kuficha makosa yake kabla hajajifunza aya yenyewe. Anayeambiwa "rudia, tupo nawe" huja kwa mwalimu na kusema, "Hapa sikufahamu." Basi mwambieni kijana wenu mapema, kabla ya mtihani, kwamba mlango wa kwao haufungwi kwa alama. Tena jueni kwamba asiyemaliza shule ile mara nyingi huhamishiwa kazi nyingine katika jeshi lile lile. Kufeli somo si kufeli maisha.

Ama ibada, mwanafunzi anayo haki ya kuwaomba wakubwa wake nafasi ya sala na saumu, na hujibiwa kwa kadiri kazi inavyoruhusu. Mkumbusheni kwa upole, na mambo magumu ayaulize kwa wanavyuoni walio karibu naye. Jeshi lile lilimpata imamu wake wa kwanza mwaka 1996, na hata leo maimamu humo ni wachache. Hata hivyo kiongozi wa dini wa jeshi, awe wa dini gani, hutakiwa kumsikiliza kila mtu na kuitunza siri yake.

Jeshi lenyewe pia limeweka njia za kuwasaidia jamaa. Tangu mwaka 1970, kwa amri ya Admirali Elmo Zumwalt, vikosi huwa na mjumbe wa familia, mara nyingi mke au mume wa baharia anayejitolea, ili kuwaunganisha jamaa na wakubwa wa kikosi. Kiko na chama cha misaada cha mabaharia na wanajeshi wa majini, kilichoasisiwa mwaka 1904, kinachotoa misaada na mikopo isiyo na riba. Kijana Mwislamu aliyepatwa na shida asikimbilie mikopo ya riba ilhali mlango huo upo.

Na mkisikia katika sauti yake maneno ya kukata tamaa na maisha, msingoje kesho wala msione haya. Aliye Marekani na apige namba 988, kisha abonyeze 1, azungumze na watu wa msaada wa wanajeshi. Nanyi msimwache peke yake.

Ndugu zangu, somo lile hatuwezi kumsomea, na zamu ile hatuwezi kumshikia. Lakini kila anapotoka katika jengo lile usiku, mikono mitupu na kichwa kimejaa, yumkini atafungua simu yake kutazama kwao wamesema nini. Na akute neno la kumtia nguvu.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu wote walio mbali, na awape wazee wao subira na hekima. Amin.