Kutoka Lubiri Hadi Roma: Muziki wa Joseph Kyagambiddwa



Katika msiba wa mzee wetu mmoja, vijana walileta ngoma kanisani. Baadhi ya wazee walinong'ona kwamba ngoma si chombo cha ibada, basi ikabaki ndani ya gari mpaka maziko yakaisha. Jioni, tulipokuwa tumekaa nyumbani karibu na Soho Road, mjukuu mmoja aliuliza, "Babu, kwani Mungu hapendi ngoma?" Hakuna aliyemjibu sawasawa. Makala haya ni jibu lake, ingawa limechelewa.

Wazee wetu tusiwalaumu. Walilelewa katika siku ambazo misheni nyingi ziliihesabu ngoma kuwa mali ya mizimu na pombe. Nyimbo za kanisa zilitoka Ulaya na tuni zake, maneno yetu yakapachikwa juu yake. Kwa Kiganda jambo hili lilikuwa na taabu ya pekee, kwa sababu katika lugha hiyo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Tuni ikienda kinyume, neno huharibika.

Joseph Kyagambiddwa, Mganda na Mkatoliki, aliushika muziki kwa mikono miwili: wa jadi kwa mmoja, wa kanisa kwa mwingine. Mwaka 1955 kitabu chake, African Music from the Source of the Nile, kilichapishwa New York. Humo alieleza kanuni za muziki wa Kiganda, akaziandika karatasini nyimbo ambazo zilikuwa zikiishi vichwani na mikononi mwa wapigaji, zikiwamo zile za amadinda.

Kwa wale wasioijua, amadinda ni marimba ya mbao 12, yenye mfumo wa sauti tano. Hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakielekeana, kila mmoja akipiga fungu lake, na mapigo ya mmoja huangukia katika nafasi za mwenziwe. Wa tatu hushika mbao mbili za juu kabisa. Msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Muziki wa namna hii ulikuwa na heshima kubwa katika Lubiri, yaani jumba la Kabaka, na kuumudu kulitaka mafunzo ya miaka.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yalilishambulia Lubiri, Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbia, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zilifutwa, na wanamuziki wa Kabaka wakatawanyika. Ufalme wa Buganda ulirudishwa mwaka 1993, lakini kufikia hapo wapigaji wengi wa zamani walikuwa wamekwisha kufa. Waswahili husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kyagambiddwa alikuwa ameandika daftari miaka 11 kabla ya moto.

Kazi yake kubwa ya kanisa ni oratorio ya Mashahidi wa Uganda. Mashahidi Wakatoliki 22 waliuawa kati ya 1885 na 1887, katika enzi ya Kabaka Mwanga, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa jadi wa watu wa nchi za misheni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu, na mwaka huo huo oratorio ya Kyagambiddwa ilisikika Roma kwenyewe. Mwaka 1969 Papa huyo alifika Uganda na kuzuru Namugongo.

Sisi wa Birmingham tuna sababu ya kulielewa neno oratorio. Hapa mjini, katika Town Hall, ndipo Eliya ya Mendelssohn iliposikika kwa mara ya kwanza, mwaka 1846. Watoto wetu wanaopita nje ya jumba hilo na fidla zao za shule wanastahili kujua kwamba hata kwetu yuko aliyetunga kazi ya aina hiyo, akiijenga juu ya muziki wa kwao.

Basi mjukuu wetu, jibu ni hili: ngoma ina nafasi yake katika ibada. Tuliokosea ni sisi tulioiacha ndani ya gari.

Nanyi wazazi, bado wako nyumbani kwenu mabibi na mababu wenye nyimbo za arusi, za kubembeleza watoto na za kuomboleza. Kaeni nao, ziandikeni, zinaseni sauti zao kabla ya kitabu cha mwaka ujao. Tukijaliwa uhai, tutazisikiliza pamoja.