Umeme Uliofungwa Ndani ya Kihami

Memori kadi, ambayo haifikii hata ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, huchomolewa katika simu, ikatiwa mkobani na kusafirishwa kutoka Lamu hadi Maskati, kisha ikipachikwa katika simu nyingine, picha za arusi na sauti za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki hutoka kama zilivyoingia, ilhali muda wote huo haikupata umeme hata chembe. Jambo hili tumelizoea mno hata hatulistaajabii, nalo lastahili kustaajabiwa.

Asili yake ni maabara za Bell huko Marekani, ambako Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said nchini Misri, pamoja na Dawon Kahng, Mkorea, walionyesha mwaka 1960 transista ambayo ndani yake mkondo wa umeme upitao katika silikoni huamrishwa na lango lililotengwa nao kwa utando mwembamba wa oksidi, kitu kisichopitisha umeme, yaani kihami. Mwaka 1967 Kahng huyo huyo, safari hii akiwa na Simon Sze, alileta fikra ambayo kwa maoni yangu haijapewa heshima inayostahili: kuzika lango la pili katikati ya oksidi hiyo, lisiungwe na waya wowote, ili elektroni zikishaingia humo zikose pa kutokea.

Huingiaje basi, maadamu kihami ni kihami? Utando ule una unene wa takriban nanomita 8, na nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Ukitiwa nguvu ya volti zipatazo 20, elektroni, kwa kuwa zina tabia ya mawimbi, hupenya kizuizi ambacho kwa hesabu za kawaida zisingeweza kukivuka, na nguvu hiyo ikiondolewa hubaki humo humo zimefungika. Wakati wa kusoma, transista yenye elektroni ndani huwa nzito kufunguka kuliko ile tupu, na kwa tofauti hiyo simu hujua kama pameandikwa sifuri au moja. Siku hizi hupimwa hata viwango 8 vya wingi wa elektroni hizo, ili chumba kimoja, yaani transista moja ya namna hii, kibebe tarakimu tatu za sifuri au moja.

Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba ndiye aliyeonyesha, mwaka 1984, namna ya kufuta vyumba vingi kwa mkupuo mmoja, na hapo bei ikaanza kushuka. Vyumba vilipobanana hata elektroni za kimoja zikawa zaathiri jirani yake, wahandisi waliacha kutanuka wakajenga ghorofa: mwaka 2013 Samsung ilitoa za tabaka 24, na leo zipo zaidi ya 200.

Lakini kila elektroni zinapopenya huujeruhi ule utando kidogo kidogo, hata chumba cha tarakimu tatu aghalabu huchoka kikiandikwa upya mara elfu chache tu. Fauka ya hayo elektroni huvuja polepole, na joto huzidisha uvujaji huo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa sauti ya marehemu bibi yako imo katika kadi moja iliyosahauliwa kabatini, itoe leo, uinakili mahali pengine pawili, wala usingoje mwakani.