Mbuzi wa Maziwa Katika Robo Eka: Beberu Akae kwa Zamu

Mtu mwenye robo eka ya ardhi, na nyumba yake ikiwa imo humo humo pamoja na migomba na mchicha, ni vigumu kufuga ng'ombe wa maziwa pasipo kugeuka mtumwa wa majani. Lakini mbuzi watatu aweza. Banda la fito lililoinuliwa kutoka ardhini, matete kwenye kingo za matuta, matembele, matawi ya lukina yaliyopandwa kuwa ua, na ndoo ya maji safi: kwa hayo watoto watapata maziwa ya asubuhi. Jambo hili si la kubahatisha. Katika miaka ya 1980, mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwe walioletwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walifikishwa kwa wakulima wa Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru, mahali ambapo mashamba ni vipande na ng'ombe hana pa kusimama. Mbuzi hao walipapenda, na watu wakawapenda.

Lakini, ndugu msomaji, mbuzi asiyezaa hatoi maziwa, na hazai pasipo dume. Wengi wetu hulifikiria banda, tukayafikiria majani, tukaifikiria na bei ya jike. Habari ya dume huachwa ijitengeneze yenyewe. Na hapo ndipo makundi mengi madogo yanapoharibikia.

Hapa nasema beberu, wala sikusudii yule aliyezoea kutajwa majukwaani. Nasema mbuzi dume, ambaye ndiye mwenye jina hilo kwa asili, ingawa naye, tukisema kweli, hula sana na kazi yake ni ya siku chache.

Je, mwenye majike watatu afuge beberu wake? Kwa maoni yangu asifuge. Beberu mzima hula sawa na jike anayekamuliwa, au kumzidi, na kwenye robo eka kila mzigo wa majani una mwenyewe. Harufu yake, akikaa karibu na majike, huingia katika maziwa, na watoto wakayakataa. Yote hayo yavumilika. Lisilovumilika ni kwamba beberu wa nyumbani hukaa. Mwaka wa kwanza huwapanda mama, mwaka wa pili huwapanda binti zake mwenyewe, na asipoondolewa, mwaka wa nne huwapanda wajukuu ambao pia ni binti zake. Wataalamu wa uzalishaji huupima undugu wa namna hiyo kwa asilimia. Mtoto aliyezaliwa na baba na binti hupewa 25, sawasawa na mtoto wa dume na jike waliozaliwa na baba mmoja na mama mmoja. Wa ndugu waliochangia mzazi mmoja tu hupewa 12.5. Asilimia hizo hazionekani kwa macho siku ya kuzaliwa. Huonekana baadaye: kitoto kisichosimama upesi kunyonya, kingine kinachokufa kwa baridi ambayo wenzake waliistahimili, mtamba asiyeshika mimba, na maziwa yanayopungua kizazi hata kizazi hali mwenye mbuzi akilaumu majani.

HESABU YA MIEZI KUMI NA MITANO

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Yahitaji majirani, na kalenda.

Fanya hesabu hii pamoja nami. Beberu mgeni akiingia leo na kupanda, binti yake wa kwanza atakaa tumboni miezi mitano, yaani siku kama 150. Akizaliwa na kutunzwa vema, atafaa kupandwa akiwa na umri wa miezi kumi hadi kumi na miwili, mwili wake ukiwa umefikia kama theluthi mbili za uzito wa mama yake. Jumla ni miezi 15 hadi 17. Basi mwezi wa 15 beberu huyo awe amekwisha kuhama, awe ni mzuri kiasi gani, na hata kama watoto wamempa jina.

Ahamie wapi? Nyumba tano zenye majike watatu kila moja zina majike 15, na beberu mmoja mzima awatosha bila ya kuchoka. Nyumba hizo tano ziwe kikundi kimoja chenye beberu mmoja. Vikundi vinne vya jinsi hiyo, katika vitongoji vinavyofuatana, viweza kubadilishana mabeberu kwa mzunguko: wa kwanza aende kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, na wa nne arudi kwa wa kwanza. Kila kikundi kitapata damu mpya mara nne kwa muda wa miaka mitano, kwa gharama ya kununua dume mmoja tu. Huko Meru, nchini Kenya, wafugaji wa mbuzi aina ya Toggenburg walijipanga katika vikundi namna hii tangu miaka ya 1990, kila kikundi na kituo cha beberu wake, na mabeberu wakihamishwa kwa zamu.

Ila pana mtego mmoja. Mabeberu wanne wakinunuliwa siku moja katika banda moja, huenda wakawa ndugu, na mzunguko wa ndugu si mzunguko. Humwondoi jike kwa baba yake ukampeleka kwa baba yake mdogo, kisha ukasema umebadilisha damu. Ulizeni habari za baba na mama wa kila dume kabla ya kutoa fedha. Tena ulizeni mama yake alikamuliwa kiasi gani, maana beberu hakamuliwi, na yote atakayowapa binti zake katika maziwa ameyachukua kwa wazazi wake.

Na mtazameni kichwani. Watu hupenda beberu asiye na pembe kwa kuwa hachomi. Lakini katika mbuzi wa maziwa wa asili ya Ulaya, dume asiye na pembe kwa kuzaliwa akimpanda jike asiye na pembe kwa kuzaliwa, baadhi ya watoto ambao wangekuwa majike huzaliwa huntha: wala si jike kamili, wala si dume, na hawazai. Kwa mwenye mbuzi watatu, hasara hiyo ni mwaka mzima. Chagueni beberu mwenye pembe, au aliyezaliwa nazo zikaunguzwa utotoni, na jambo hilo halitawafika.

NANI AMLISHE

Ugomvi wa vikundi vingi hauanzi kwa damu, bali kwa majani. Beberu hutajwa kuwa ni wa baba, na mzigo wa matete hubebwa na mama na watoto wakitoka shule. Basi mapatano yafanywe mapema: akae nyumba yenye malisho mengi zaidi, banda lake liwe mbali na la wakamuliwa na upande upepo unakoelekea, na kila jike anayeletwa aje na mizigo miwili ya majani na chumvi kidogo, au fedha iliyokubaliwa. Daftari nalo lishikwe na yule anayekaa na mbuzi kutwa, ambaye mara nyingi ni mama. Ndiye anayemwona jike akitikisa mkia, akilia pasipo njaa, akiacha majani, nyuma kumevimba na ute ukitoka. Dalili hizo hudumu siku moja au mbili tu. Akionekana alfajiri, apelekwe jioni, alale huko, na kesho yake apandwe tena kama bado anamkubali dume. Zikipita siku 21 asirudie dalili, yaelekea ameshika mimba.

Wapo majike wanyamavu wasioonyesha kitu. Kwa hao iko mbinu ya wazee wa kazi: paka kitambaa kichwani mwa beberu, nyuma ya pembe ambako harufu yake ni kali, ukitie katika kopo lenye kifuniko. Kila asubuhi mfungulie jike anuse. Aliye tayari hujidhihirisha.

Jike aliyetupa mimba asipelekwe kwa beberu wa kikundi mpaka mtaalamu wa mifugo amempima, na beberu mwenyewe apimwe kabla ya kila kuhama. Ugonjwa wa kutupa mimba humwingia hata binadamu kwa maziwa mabichi. Chemsheni maziwa siku zote.

Sasa kalenda ya nyumba yako. Karibu na ikweta mbuzi hupata joto mwaka mzima, hivyo waweza kuchagua. Majike watatu wakizaa mwezi mmoja, utakuwa na maziwa ya kumwaga kisha miezi ya kombe tupu. Wagawe: wa kwanza apandwe mwezi wa Agosti azae Januari, wa pili Desemba azae Mei, wa tatu Aprili azae Septemba. Kila mmoja akiachwa kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa, ambayo ni haki yake, daima wawili watakuwa wakitoa maziwa. Palipo na kiangazi kirefu, wa Septemba ndiye mwenye shida, maana atazaa majani yamekauka; zamu hiyo mpe jike mkakamavu kuliko wote, na umwekee mabua ya mahindi na pumba tangu mavuno.

Kumbuka pia kwamba mbuzi huzaa pacha. Majike watatu waweza kukuletea vitoto sita kwa mwaka, na robo eka haikukubali kulisha vichwa tisa. Ni heri kuamua kabla ya kumpeleka jike kwa beberu ni mtamba yupi utambakiza na wengine utamuuzia nani. Vidume vitengwe na mama zao na dada zao vikifikia miezi mitatu, kwa kuwa katika umri huo baadhi yao wamekwisha kuweza kupanda. Vihasiwe au viuzwe.

Na beberu wa kikundi, akimaliza mzunguko wake, asirudishwe kwa kuhurumiwa. Ahasiwe, anenepeshwe miezi michache hata harufu imwishe nyamani, auzwe karibu na sikukuu bei inapopanda. Fedha yake iingie katika mfuko wa kumnunua mrithi, ambaye yafaa awe amekwisha kutafutwa miezi mitatu kabla, katika kijiji cha mbali kisicho na damu yake.