Malengelenge ya Sehemu za Siri: Kidonda Kinachopona Chenyewe na Dawa Inayopewa Sifa

Katika vijiji vya Kagerankanda, kwenye nyanda za juu za Kigoma kati ya Kasulu na Kibondo, kidonda cha sehemu za siri hakitajwi hadharani. Mwenye nacho humficha mwenzi wake, huwaficha wakwe zake, na mara nyingi humficha hata mhudumu wa zahanati, kwa kuwa mhudumu huyo huenda ni jirani au anasali naye kanisa moja. Aibu hiyo humsukuma mgonjwa kutafuta tiba isiyomtaka avue nguo wala kujieleza. Wengine hutumia majani ya kupaka. Wengine hununua vidonge vidogo vitamu vya homeopathia, vinavyonadiwa siku hizi hadi kwenye simu za mkononi kuwa vinatibu hepesi bila madhara.

Baada ya wiki moja au mbili kidonda hukauka, na mgonjwa husema kwa moyo mweupe kwamba dawa imemponya. Kupona kwa kidonda ni kweli. Jambo la kuuliza ni nini hasa kilichokiponya.

Kirusi na maficho yake

Malengelenge ya sehemu za siri husababishwa na kirusi cha hepesi. Mara nyingi ni aina ya pili ya kirusi hicho. Pengine ni aina ya kwanza, ambayo inajulikana zaidi kwa kuleta vidonda vya midomoni. Ugonjwa huu si mkanda wa jeshi, ambao huletwa na kirusi kingine, kile cha tetekuwanga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 846 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wakiishi na hepesi ya sehemu za siri, yaani takriban mtu mmoja katika kila watano wa umri huo. Wengi wao hawajui, kwa sababu hawajawahi kuona dalili au waliona mchubuko mdogo wakaudharau.

Kirusi huingia kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Dalili za kwanza, zikitokea, huja kati ya siku 2 na 12: mwasho, maumivu kama ya kuungua, kisha vilengelenge vyenye maji vinavyopasuka na kuacha vidonda vibichi. Mgonjwa aweza kupata homa, kuvimba tezi za kinena na kuumia anapokojoa. Baadaye kirusi hupanda kwa kufuata mishipa ya fahamu na kujificha karibu na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Humo hukaa maisha yote, kikishuka tena mara kwa mara.

Mkupuo wa kwanza huchukua kati ya wiki mbili na nne kupona. Mikupuo ya kurudia ni mifupi, na mingi huisha ndani ya siku 10. Kwa aina ya pili ya kirusi, mwaka wa kwanza huwa na mikupuo kadhaa, kisha kwa watu wengi idadi yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Yote haya hutokea hata kama mgonjwa hakumeza kitu chochote, kwa kuwa kinga ya mwili yenyewe hukirudisha kirusi mafichoni. Basi dawa yoyote inayoanzwa siku maumivu yanapozidi itaonekana kuwa imeponya, kwani siku zinazofuata ni siku za nafuu kwa vyovyote vile.

Homeopathia ni nini

Homeopathia ilianzishwa na daktari Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796. Msingi wake wa kwanza ni kwamba kinachozua dalili kwa mtu mzima chaweza kuponya dalili zinazofanana kwa mgonjwa. Kwa sababu hiyo wagonjwa wa malengelenge hupewa Rhus toxicodendron, iliyotokana na mmea ambao ukiguswa hutoa malengelenge. Wengine hupewa Natrum muriaticum, ambayo asili yake ni chumvi ya mezani.

Msingi wa pili ni kuzimua. Tone moja la dawa huchanganywa na matone 99 ya maji au pombe na kutikiswa. Tone moja la mchanganyiko huo huzimuliwa tena vivyo hivyo, na kazi hiyo huweza kurudiwa mara 30. Hesabu za kikemia zinaonesha kwamba kufikia takriban mara ya 12 hakuna tena hata chembe moja ya dawa inayotarajiwa kubaki. Kinachomfikia mgonjwa ni sukari ya kidonge.

Hapo ndipo homeopathia inapotofautiana na mitishamba, ingawa watu wengi huzichanganya. Majani yaliyotwangwa yana kemikali halisi zinazoweza kusaidia, kudhuru au kuunguza kidonda. Vidonge vilivyozimuliwa kiasi hicho havina cha kusaidia wala cha kudhuru. Mwaka 2015 Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia, baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo, lilihitimisha kwamba hakuna maradhi ambayo kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia huyatibu. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayosimamia usajili wa watoa tiba hizo. Hata hivyo, usajili wa mtoa tiba hauthibitishi kwamba kila dawa yake inaponya.

Dawa hupimwaje kwa haki

Kwa kuwa malengelenge hupona yenyewe, njia ya haki ya kupima dawa yake ni kulinganisha makundi mawili: moja linapewa dawa, jingine kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa, na wagonjwa hawajui nani kapewa kipi. Dawa ya asaikloviri imepitia mtihani huo hapa hapa kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wanawake 821 waliofanya kazi katika baa, nyumba za wageni na sehemu za chakula, wenye kirusi cha hepesi aina ya pili lakini wasio na VVU, walipewa asaikloviri miligramu 400 mara mbili kwa siku au kidonge kisicho na dawa. Hepesi humwongezea mtu uwezekano wa kupata VVU kwa takriban mara tatu, hivyo watafiti walitumaini kwamba kuidhibiti kungepunguza maambukizi hayo. Tumaini hilo halikutimia: waliopata VVU walikuwa 27 katika kundi la dawa na 28 katika kundi jingine.

Matokeo hayo yalitangazwa kama yalivyo. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha jozi 3,408 za wenzi katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo, nao haukuona kinga dhidi ya VVU, bali ulionesha kwamba asaikloviri ilipunguza vidonda vya sehemu za siri vyenye kirusi cha hepesi aina ya pili kwa asilimia 73. Hivyo dawa hiyo inajulikana inaweza nini na haiwezi nini. Homeopathia haijatoa ushahidi wa namna hiyo kwa hepesi.

Hatari ya kuchelewa

Vidonge vya sukari havina sumu. Hatari yake ni muda unaopotea. Kidonda cha kaswende nacho hupotea chenyewe bila tiba, huku ugonjwa ukiendelea kuenea mwilini. Aliyedhani amepona hepesi kwa homeopathia huenda alikuwa na kaswende, ambayo sindano ya penisilini ingeimaliza. Kidonda cha hepesi kinachodumu zaidi ya mwezi mmoja chaweza kuwa dalili ya UKIMWI uliokomaa, na mgonjwa huyo anahitaji kipimo cha VVU bila kuchelewa.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya mtoto mchanga. Mama anayeambukizwa hepesi kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na ugonjwa huo kwa kichanga huweza kuua au kuharibu ubongo. Kwa mama aliyekuwa na kirusi tangu zamani uwezekano ni mdogo sana. Mama mwenye vidonda uchungu unapoanza huhitaji kuzaliwa mtoto kwa upasuaji. Kwa anayetoka kijiji kilicho mbali na hospitali, safari hiyo hupangwa kabla ya uchungu, na haiwezi kupangwa iwapo kidonda kimefichwa kliniki.

Huduma ya zahanati na ya nyumbani

Mhudumu anayempokea mgonjwa mwenye kidonda amhoji faraghani, apime kaswende na VVU, na atibu kwa kufuata mwongozo wa taifa. Kwa mkupuo wa kwanza, asaikloviri miligramu 400 hutolewa mara tatu kwa siku kwa siku 10. Kwa mkupuo wa kurudia, kwa siku 5. Hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 24 tangu mwasho wa kwanza, kwa hiyo anayeugua mara kwa mara afundishwe kuitambua ishara hiyo. Mwenye mikupuo mingi kwa mwaka aweza kupewa dozi ya kila siku. Dawa hufupisha mkupuo na kupunguza kurudia kwake; haikiondoi kirusi mwilini, na anayeahidi kukiondoa, kwa dawa ya aina yoyote, asiaminiwe.

Nyumbani, mgonjwa aoshe vidonda kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, avikaushe taratibu, avae nguo za pamba zisizobana, na ameze parasetamoli kwa maumivu. Kukojoa akiwa amekaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu hupunguza uchungu. Asijamiiane tangu mwasho unapoanza hadi ngozi ipone kabisa. Katika siku nyingine kondomu hupunguza maambukizi, ingawa haiyazuii yote.

Mgonjwa na mwenzi wake waambiwe pia jambo moja ambalo hakuna kidonge kinachoweza kulisema. Kirusi huweza kukaa miaka mingi bila dalili. Kidonda kilichotokea leo hakithibitishi kwamba mmoja wao amekosa uaminifu jana, na kipimo cha damu hakionyeshi ni nani aliyeanza wala lini. Mhudumu atakayewaeleza hayo wote wawili, kwa utulivu na faragha, huenda akaokoa ndoa katika siku hiyo hiyo anayotibu kidonda.